Mtarakwa, E. coli na uzito wa neno "spishi"

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walijenga njia ya waya kutoka Shume, juu katika milima ya Usambara, hadi Mkumbara kule bondeni ilikopita reli. Kazi yake ilikuwa kushusha mbao za mtarakwa. Nguzo zilisimikwa kwenye magenge, fedha nyingi zikatumika, na yote hayo yalifanywa kwa kuliamini jina. Aliyeagiza mbao hizo akiwa Ulaya hakuhitaji kukagua mti mmoja mmoja. Alijua kwamba mtarakwa wa Shume una mbao nyekundunyekundu zenye harufu ya penseli, zinazochongeka kwa urahisi na zinazowashinda mchwa, sawa na mtarakwa wa Mau au wa Nyandarua. Jina Juniperus procera lilikuwa limeshamwambia hayo kabla hajaliona gogo lenyewe.

Nimeanza na mbao kwa sababu zinaonyesha kazi halisi ya jina la spishi. Shuleni tunafundishwa kwamba majina haya ni ya kupangia viumbe, kila kimoja mahali pake, na ni kweli. Lakini watu wasingehangaika karne na karne na Kilatini kama faida ingeishia kwenye kupanga. Faida ni kubashiri. Anayekutajia spishi anakupa uwezo wa kusema mambo juu ya kiumbe ambacho hujakiona, na jina lenye nguvu ni lile linalokuwezesha kusema mengi na usikosee. Kwa kipimo hicho, ninashikilia kwamba neno spishi likitajwa kwa mtarakwa, na likitajwa kwa Escherichia coli, yule bakteria wa utumbo wa watu na wanyama, halibebi maana moja. Kwa mti, linatueleza karibu kila kilichomo ndani yake. Kwa bakteria, linatueleza sehemu tu, na mara nyingi si ile sehemu tunayoiulizia. Tunalitumia neno lile lile kwa wote wawili, na hasara yake inaonekana hospitalini na msituni.

Tuanze na mti. Mtarakwa ni konifa, wa kundi moja kubwa na miti ya paini iliyopandwa Sao Hill, ila wenyewe ni mwenyeji hapa tangu zamani. Unaota kwa asili kuanzia milima ya Saudia na Yemen, ukapita Eritrea, Ethiopia na Somalia, ukaingia Kenya, Uganda na Tanzania, ukafika hadi Malawi na Zimbabwe. Ndiyo spishi pekee ya jenasi yake iliyovuka Ikweta bila kubebwa na binadamu. Kwa kawaida dume na jike ni miti miwili mbalimbali. Upepo huchukua chavua ya dume, jike huzaa koni ndogo zenye nyama zinazofanana na matunda ya buluu, ndege huzila na kwenda kuangusha mbegu mbali. Kwa hiyo kila mche una baba mmoja na mama mmoja, na jeni zake zimetoka kwao. Hakuna mlango mwingine wa maana. Ndiyo sababu mti wa Asir, kule Saudia, na mti wa nyanda za Nyika, kule Malawi, ingawa imetengana kwa zaidi ya kilomita 3,000, bado ni mti mmoja kwa umbo, kwa mbao na kwa namna ya kuzaa. Yote imeshika urithi uliopita mkono kwa mkono, kutoka mzazi hadi mtoto.

E. coli ana historia nyingine. Daktari wa watoto Theodor Escherich alimweleza mwaka 1885, baada ya kuchunguza kinyesi cha watoto wachanga mjini München. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1997, DNA yote ya nasaba ya maabara iitwayo K-12 ilichapishwa: herufi milioni 4.6 na jeni karibu 4,300. Mwaka 2001 ikafuata nasaba O157:H7, ile iliyotambuliwa Marekani mwaka 1982 kwa watu walioharisha damu baada ya kula nyama ya kusaga. Zilipowekwa bega kwa bega, O157:H7 ilikutwa na jeni 1,387 ambazo K-12 haina kabisa, na K-12 nayo ikawa na zaidi ya 500 ambazo mwenzake hana. Mwaka 2002 ikaongezwa nasaba ya tatu, iliyotoka kwa mgonjwa wa maambukizi ya figo. Ukijumlisha protini zote za hizo tatu, zilizopatikana kwa kila mmoja wao zilikuwa asilimia 39.2 tu. Hao ni ndugu watatu wa spishi moja, na zaidi ya nusu ya mali iliyomo nyumbani si ya wote.

Wanaosoma DNA ya konifa wamekuta kinyume cha hayo. Konifa wa kwanza kuchapishwa, Picea abies wa Ulaya ya kaskazini, alitangazwa mwaka 2013 akiwa na herufi takriban bilioni 20, yaani zaidi ya mara 4,000 ya zile za K-12, lakini jeni zilizothibitika hazikuzidi sana 28,000. Nafasi kubwa iliyobaki imejaa vipande vinavyojirudia, vilivyojinakili kwa mamilioni ya miaka bila kufutwa. Konifa amebeba kitabu kinene mno, na nakala ya kila mti ni ya kitabu hicho hicho: tahajia inatofautiana hapa na pale, na mara mojamoja aya imeongezwa au imeruka. E. coli amebeba kijitabu, na nakala mbili zinaweza kupishana kwa sura nzima.

Sura hizo hazitoki kwa wazazi. Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum walionyesha kwamba seli mbili za E. coli zinaweza kupeana jeni pasipo kuzaa. Lilionekana kama jambo la maabara tu, hadi wagonjwa wa kuhara damu nchini Japani walipoanza kukutwa na vimelea visivyosikia dawa nne kwa mpigo. Ajabu ni kwamba wagonjwa wale wale walikuwa na E. coli wa kawaida, asiyewadhuru, aliye sugu kwa dawa zile zile. Mwaka 1959 makundi ya Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai yalionyesha sababu: ukiwaweka pamoja bakteria sugu wa kuhara damu na E. coli asiye sugu, usugu unahama. Unahama ndani ya plasmidi, pete ndogo ya DNA inayopita kutoka seli hadi seli, na haiulizi jina la mpokeaji. Njia nyingine ni virusi vinavyoshambulia bakteria, ambavyo mara nyingine huacha jeni ndani ya mwenyeji wao badala ya kumuua. Mtarakwa hauwezi kupokea jeni kutoka kwa mgunga uliosimama kando yake, hata ikisimama pamoja miaka mia mbili. Kwa bakteria, ujirani peke yake unatosha.

Kilichotokea Ujerumani mwaka 2011 kinaonyesha jambo hili lina uzito gani. Kati ya Mei na Julai, watu zaidi ya 3,800 waliugua na zaidi ya 50 wakafa, wengi figo zikiwa zimeshindwa kazi. Chanzo kilikuja kujulikana kuwa mbegu za uwatu zilizooteshwa ili ziliwe mbichi. Mkosaji alikuwa E. coli, lakini si O157:H7 ambayo maabara zilikuwa zimezoea kuitafuta. Alikuwa nasaba O104:H4, na DNA yake iliposomwa ilionekana jamaa yake wa karibu ni bakteria aliyewahi kutolewa kwa mgonjwa wa kuharisha katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Yule jamaa hakuwa na jeni ya sumu inayoua figo. Nasaba ya Ujerumani ilikuwa nayo, imeletwa na kirusi cha bakteria, na juu yake ilibeba plasmidi ya usugu dhidi ya dawa nyingi za jamii ya penisilini. Uwezo wa kung'ang'ania ukuta wa utumbo, sumu, na usugu vilikutana ndani ya seli moja, kila kimoja kimekuja kwa njia yake. Jina la spishi halikubadilika hata herufi moja, ila lililokuwa hatari lote lilikuwa limebadilika.

Kwa upande mwingine wa jina hilo hilo yuko bakteria ambaye ni dawa. Mwaka 1917 Alfred Nissle alimtenga E. coli kutoka kwa askari ambaye hakuharisha huku wenzake wakiugua, akaamini kwamba ndiye aliyemkinga. Nasaba hiyo bado hutumiwa kutibu matatizo ya utumbo. Hebu tafuta mtarakwa mmoja unaoponya na mwingine unaoua, yote ikiitwa Juniperus procera, na utaona umbali uliopo kati ya maana hizi mbili.

Mtu aliyesoma biolojia anaweza kuuliza: kama hali ni hii, wataalamu walilitumiaje neno moja? Jibu liko katika historia ya kanuni zenyewe. Fasili inayojulikana zaidi ya spishi, aliyoitilia nguvu Ernst Mayr mwaka 1942, inasema spishi ni kundi la viumbe vinavyozaliana kati yao na kutengana kizazi na makundi mengine. Mtarakwa unaingia humo bila kusukumwa. Bakteria hujigawa tu, kwa hiyo fasili hiyo haimshiki. Mwaka 1987 kamati ya wataalamu wa bakteria ikaweka mpaka wa kihesabu: DNA za bakteria wawili zikishikana kwa takriban asilimia 70 katika jaribio maalumu, ni spishi moja. Siku hizi, DNA zikiweza kusomwa moja kwa moja, mpaka unaotumika ni kufanana kwa takriban asilimia 95 ya herufi katika sehemu wanazochangia. Tazama maneno hayo ya mwisho. Sehemu wasizochangia, ambako ndiko kuna sumu na usugu, haziingii kwenye hesabu. Na asilimia 95 ni mlango mpana mno. Ukiupeleka kwa wanyama, binadamu na sokwe mtu, wanaotofautiana kwa takriban asilimia 1.2 ya herufi zinazolinganishika, wangekuwa spishi moja, na gorila angeingia nao.

Mpaka wenyewe, pamoja na upana wake, haufuatwi pale unapoleta shida. Shigella, bakteria wa kuhara damu aliyegunduliwa na Kiyoshi Shiga mwishoni mwa miaka ya 1890, kwa DNA yake yumo ndani ya E. coli. Amebaki na jina lake kwa sababu za kitabibu, na sababu hizo nazikubali kabisa. Katika kambi za wakimbizi wa Rwanda huko Goma mwaka 1994, kipindupindu kilifuatwa na kuhara damu kwa Shigella dysenteriae, na hakuna mganga ambaye angesaidika kuambiwa kwamba anapambana na E. coli tu. Lakini uamuzi huo ni ushahidi wa ninachosema. Jina liliposhindwa kubashiri, watu waliwatenga waliokuwa hatari wakawapa jina lingine.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili majibu marefu kidogo. Ya kwanza inasema mipaka ya miti nayo inavuja. Ni kweli. Picea abies huzaliana na mwenzake wa Siberia, Picea obovata, katika eneo pana la Urusi, hata haijulikani mmoja anaishia wapi. Mtarakwa wenyewe uliwahi kuhesabiwa na baadhi ya wataalamu kuwa kitu kimoja na Juniperus excelsa wa mashariki ya Mediterania, kabla ya DNA kuonyesha tofauti. Sipingi lolote katika hayo. Ninachosema ni kwamba ugomvi wa wataalamu wa miti ni ugomvi wa mpaka wa shamba: mstari uchorwe hapa au hatua kumi mbele. Hata uchorwe wapi, aliye katikati ya shamba anajua kilichopandwa. Na kinachovuja kati ya miti hiyo kinavuja kwa chavua, kutoka kwa jamaa wa karibu tu, kikija na nusu nzima ya urithi wa mzazi. Kwa E. coli tatizo liko katikati ya shamba, kwa sababu jeni moja inaweza kuja peke yake kutoka ukoo wa mbali.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Inasema E. coli wote wana kiini cha pamoja, jeni zinazozidi 2,000 zinazojenga ukuta wa seli, kutengeneza protini na kumeng'enya chakula, na kwamba hicho kiini ndicho spishi. Mengine ni mizigo ya safarini. Daniel Dykhuizen na Louis Green walikwenda mbele zaidi mwaka 1991, wakapendekeza kwamba kwa kuwa bakteria wa aina moja hubadilishana vipande vya kiini hicho kwa wingi kuliko wanavyobadilishana na wa nje, fasili ya Mayr inaweza kuwafaa nao. Naona hoja hiyo ina ukweli. E. coli si jina tupu: bila kiini, maabara isingeweza kumtambua. Lakini kusema kitu kipo si kusema kinatosha. Hakuna anayempima mgonjwa ili ajue kama bakteria wake ana vifaa vya kutengeneza protini. Anauliza kama ana sumu, kama anang'ang'ania figo, kama atasikia dawa, na majibu ya maswali hayo kwa sehemu kubwa yako kwenye mizigo ya safarini.

Na hata kiini chenyewe hakikai kimya. Mwaka 1988 Richard Lenski alianza kukuza makundi 12 ya E. coli katika chupa nchini Marekani, yote kutoka seli ya nasaba moja, yakihamishiwa chakula kipya kila siku. Mojawapo ya alama ambazo maabara hutumia kumtofautisha E. coli na jamaa zake ni kwamba hawezi kula sitrati panapo oksijeni. Baada ya vizazi kama 31,500, kundi moja likaanza kuila, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Hapo hakukuwa na jirani wa kuazima kwake. Ni mabadiliko ya ndani tu yaliyofuta moja ya alama za utambulisho, katika muda mfupi kuliko ule ambao mti wa msituni hutumia kukomaa na kuzeeka. Jaribio hilo sasa limevuka vizazi 75,000. Tukiuhesabia mtarakwa miaka 50 kwa kizazi, ungehitaji karibu miaka milioni nne kufika hapo.

Wengine watasema huu ni mjadala wa maneno, nao madaktari na wataalamu wa misitu wana kazi nyingine. Lakini fikiria jibu la maabara baada ya mkojo kuoteshwa, limeandikwa "E. coli" na hakuna zaidi. Limeonekana kama jibu kamili kwa sababu lina jina la spishi, na jina la spishi tumezoea kulipa heshima ya mtarakwa. Kumbe halisemi kama dawa ya kawaida itafanya kazi au la. Bila kipimo cha dawa zinazomshinda bakteria huyu hasa, aliyetoka kwa mgonjwa huyu, anayeandika dawa anabahatisha, na kila kubahatisha vibaya kunawaua wasio sugu na kuwaachia nafasi walio sugu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya bakteria wa kupewa kipaumbele katika kutafuta dawa mpya, mwaka 2017 na tena mwaka 2024, halikuorodhesha majina matupu. Kila jina, au kundi, liliambatanishwa na usugu wake dhidi ya dawa fulani. Naiona hiyo kuwa namna sahihi ya kumtaja bakteria. Sipendekezi neno spishi litupwe. Napendekeza jibu linaloishia kwenye spishi lihesabiwe kuwa nusu ya jibu, na vituo vya afya vya wilaya vipewe uwezo wa kutoa nusu ya pili.

Msituni kosa linageuka upande. Kwa kuwa jina la mtarakwa linasema mengi, tunadhani linasema yote, kwamba maadamu spishi ipo Ethiopia au Mau, kuondoka kwake mlima mmoja ni hasara ndogo. Hapo tunasahau kwamba njia yake ya kupokea jeni ni moja tu. Zile tofauti za tahajia nilizozitaja, zinazoufanya mti wa ukanda mkavu ustahimili kuliko wa ukanda wa ukungu, zimehifadhiwa katika miti iliyosimama pale na katika mbegu zake. Jeni ya usugu ikipotea na nasaba moja ya E. coli, mara nyingi ipo kwenye nyingine kumi, hata kwa bakteria wa jina jingine. Mtarakwa hauna ghala la namna hiyo. Na mlima unaokauka haungoji miaka milioni nne.

Jebel Akhdar, Oman, panaonekana vizuri jambo hili. Huko yuko jamaa wa karibu wa mtarakwa, ambaye kwa miaka mingi aliandikwa kuwa sehemu ya Juniperus excelsa na sasa huitwa Juniperus seravschanica. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulikuta miti ya miinuko ya juu ikiwa na afya, na ile ya miinuko ya chini ikiwa katika hali mbaya. Jina limebadilika tangu wakati ule, na hilo halikuupa mti wa chini chochote. Kama kuna jeni za kuufaa uzao wake kwenye joto la miinuko ya chini, zitatoka katika chavua ya mti jirani uliostahimili, na kwenye miinuko ile majirani hao wanazidi kupungua.